Malkia Ni Nani? Mkomanile na Usawiri wa Mwanamke Mtawala katika Masimulizi ya Wangoni

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya fasihi, kuna sentensi moja ambayo kila msahihishaji ameisoma mara nyingi hadi akachoka kuipigia mstari: katika jamii ya jadi mwanamke hakuwa na usemi wowote, kazi yake ilikuwa kuzaa, kupika na kumtii mume. Sentensi hiyo huandikwa hata pale ambapo swali halikuihitaji. Kisha mwanafunzi yuyo huyo, akiona swali linamtaka amtetee mwanamke, huruka upande wa pili na kutangaza kwamba walikuwapo malkia shupavu waliotawala kama wanaume. Hapo hoja hukauka. Hataji nyumba, hataji watu, wala hasemi malkia huyo alipata wapi mamlaka na aliyatumia kufanya nini.

Makala haya yanadai kwamba sentensi zote mbili hazitoshi, na kwamba kosa liko katika neno lenyewe la "malkia" na jinsi tunavyolitumia bila kulihoji. Mfano tutakaoutumia ni wa Wangoni, na hasa wa Mkomanile (wengine huandika Nkomanile), mwanamke aliyenyongwa na serikali ya Wajerumani mjini Songea mwezi Februari 1906.

Huenda ukauliza: Wangoni wa kusini mwa Tanzania wanatuhusu nini sisi tulio Thika? Wanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, mada ya mighani katika fasihi simulizi inakutaka utoe mifano, na mifano ya wanawake katika vitabu vya mazoezi ni ile ile miwili au mitatu kila mwaka. Pili, wengi wa wanafunzi tunaowafundisha hapa wanatoka Kiandutu, mtaa ambao jina lake limetokana na neno la Kigikuyu la funza, na ambako si ajabu kumkuta mwanamke anayeongoza nyumba, anayekusanya michango ya chama na kuamua nani atasoma muhula huu na nani atangoje, ilhali hana cheo chochote kinachoandikwa popote. Mwanafunzi wa kike atokaye katika nyumba kama hiyo huja darasani, akapewa daftari, akaandika kwamba mwanamke hana usemi. Ameandika asichokiamini kwa sababu amefundishwa kuwa ndilo jibu.

Neno "malkia" na kazi tatu zilizofichwa ndani yake

Neno "malkia" limetufikia kutoka Kiarabu, na Kiswahili kinalitumia kwa ulegevu mkubwa. Mke wa mfalme ni malkia. Mama wa mfalme ni malkia. Mwanamke anayetawala kwa haki yake mwenyewe, naye pia ni malkia. Siku hizi hata mwimbaji wa taarabu ni malkia, na bibi harusi ni malkia wa siku moja. Hakuna ubaya wowote katika mazungumzo, lakini katika uhakiki hizi ni nafasi tatu tofauti, na anayezichanganya hawezi kumwelewa mhusika.

Jamii nyingi za Afrika zilizitenganisha kwa majina. Baganda wana Namasole, mama wa Kabaka, na Lubuga, dada wa Kabaka anayetawazwa pamoja naye. Namasole alikuwa na ikulu yake na maafisa wake, kwenye kilima kingine, kwa kuwa haikufaa wakuu wawili wakae kilima kimoja. Mke wa Kabaka alikuwa na nafasi nyingine kabisa. Huko Eswatini, ambako watu wake wana nasaba ya karibu na Wangoni, mama wa mfalme huitwa Ndlovukazi, yaani tembo jike, naye hushiriki utawala na mwanawe. Labotsibeni alishika utawala wa nchi hiyo kwa niaba ya mjukuu wake tangu 1899 hadi 1921. Tazama jazanda yenyewe: hakuitwa ua wala nyota. Aliitwa tembo, mnyama ambaye akipita njia hubaki.

Wangoni walitoka katika ulimwengu huo huo wa kusini. Baada ya Shaka kuuvunja utawala wa Zwide wa Wandwandwe karibu na mwaka 1819, Zwangendaba aliwaongoza watu wake kuelekea kaskazini, akapita Msumbiji na Zimbabwe ya leo, na kuvuka mto Zambezi mwezi Novemba 1835, wakati ambapo jua lilipatwa. Kupatwa kwa jua ndiko kulikowawezesha wanahistoria kuitaja tarehe hiyo kwa uhakika. (Mtahiniwa, shika hili: tukio la angani lililomo ndani ya masimulizi linaweza kumthibitishia mhakiki kwamba si kila kitu katika mighani ni chumvi.) Zwangendaba alifariki Ufipa katika miaka ya 1840, na hapo watu wake wakagawanyika. Wengine walimfuata Mpezeni hadi Zambia ya leo, wengine M'mbelwa hadi kaskazini mwa Malawi, na wengine wakamfuata Zulu Gama hadi Songea.

Nyumba ya inkosikazi

Katika lugha ya Kinguni mke wa mtawala huitwa inkosikazi. Usilitafsiri neno hili upesi. Mke wa kifalme wa Wangoni hakuwa akikaa katika chumba kimoja cha ikulu akisubiri kuitwa. Alikuwa na nyumba, na nyumba hapa maana yake ni makazi kamili, yaani watu, ng'ombe, mashamba na wanawe. Wangoni walikuwa wakiwateka watu njiani na kuwafanya Wangoni, na mateka hao walitiwa ndani ya nyumba hizo. Nyumba ya inkosikazi kwa hiyo ilikuwa mahali ambapo mgeni aligeuzwa kuwa mwenyeji. Vita vilileta watu. Nyumba za wanawake ndizo zilizowafanya kuwa taifa.

Ushahidi mkubwa kuliko wote wa jambo hili uko katika lugha. Wangoni wa Songea hawakubaki na Kinguni cha babu zao. Kingoni kinachozungumzwa huko leo kina sura ya lugha za wenyeji wa kusini mwa Tanzania, na mabaki ya Kinguni yamo katika majina ya koo, vyeo na maneno machache ya heshima. Mashujaa walishinda kwa mkuki, lakini watoto wao walinena lugha ya mama zao. Ukiulizwa kuhusu nafasi ya mwanamke katika kuhifadhi na kubadilisha utamaduni, sijui mfano mwingine wa Afrika Mashariki unaoipita hoja hii kwa nguvu.

Mamlaka ya nyumba yalikuwa pia na hatari yake. Mfalme alipokufa, swali halikuwa tu mwana gani ni mkubwa, bali mwana huyo ametoka nyumba gani. Yapo masimulizi ya Wangoni yanayoeleza kwamba siku moja Zwangendaba aliletewa pombe kutoka nyumba ya mmoja wa wake zake wakubwa, na ndani ya pombe ikaonekana nywele. Mfalme akashuku uchawi, akaamuru watu wa nyumba ile waangamizwe. Aliyetumwa kutekeleza hakutekeleza kikamilifu. Wengine walifichwa wakaokoka, na Mpezeni alikuwa mwana wa nyumba hiyo. Urithi ukahamia nyumba ya mke mwingine, ya mama yake M'mbelwa, na ugomvi wa baadaye kati ya ndugu ukapata chanzo chake hapo.

Usilisome simulizi hili kama habari ya kiherehere cha wake wenza. Katika fasihi simulizi yetu, chakula kinachotoka mkononi mwa mwanamke kwenda kwa mwanamume mwenye nguvu hubeba siasa. Mkumbuke mama yake Fumo Liyongo. Mwanawe akiwa kifungoni, alioka mkate na kuficha tupa ndani yake, mjakazi Saada akaupeleka, na Liyongo akajifungua pingu. Huko mkate unaokoa. Huku pombe inahukumu. Katika masimulizi yote mawili jiko ndilo mahali ambapo hatima ya utawala inaamuliwa, na mlinzi wa mlangoni haoni kitu kwa sababu anaona chakula tu. Mhakiki asiyetazama jikoni ataona wanaume peke yao.

Na je, hakuwapo Mngoni mwanamke aliyeshika jeshi? Alikuwapo. Zwangendaba alipovuka Zambezi, kundi moja lilibaki nyuma likiongozwa na mwanamke aitwaye Nyamazana. Ndilo linalotajwa katika masimulizi kuwa liliuvunja utawala wa Warozvi na kumuua mtawala wao Chirisamhuru. Baadaye Nyamazana akaolewa na Mzilikazi, mfalme wa Wandebele. Sitakaa naye sana, kwa sababu habari zake zinamfaa zaidi anayeandika historia ya Zimbabwe. Lakini angalia mwendo wake. Kwanza aliongoza, ndipo akawa mke. Sisi tumezoea kudhani kwamba malkia huanza kwa kuolewa.

Mkomanile

Sasa tuje Ungoni penyewe, yaani Songea. Watawala wa huko hawakuwa wana wa Zwangendaba. Walikuwa makamanda na wana wa makamanda walioanzisha nasaba zao: ukoo wa Gama katika Njelu, na ukoo wa Tawete katika Mshope. Chini ya nkosi walikuwapo manduna, waliotawala maeneo na kuongoza vikosi. Wajerumani walipoweka utawala wao Songea mwaka 1897, walianza kuwatumia wakubwa hawa kukusanya kodi na vibarua, na cheo cha jumbe kikaenea.

Mkomanile alikuwa na eneo lake, Kitanda, na watu walioishi chini yake. Kuna wanaomwita nduna, kuna wanaomwita jumbe, na wapo wanaopenda kumwita malkia. Usipite haraka. Nduna ni neno la Wangoni na linamweka katika mfumo wa utawala wa Wangoni. Jumbe ni neno la pwani lililotumiwa na serikali ya kikoloni. Malkia ni neno letu sisi wa baadaye, tunaotaka kumtukuza. Majina matatu, na kila moja lina mtazamo wa anayelitamka. Mtahiniwa akiandika aya moja juu ya jambo hili pekee atakuwa amefanya uhakiki, maana ameonyesha kwamba uteuzi wa msamiati humjenga mhusika kabla hajatenda lolote.

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbini mwishoni mwa Julai 1905. Kinjeketile Ngwale, aliyetangaza dawa ya maji huko Ngarambe, alinyongwa mapema mwezi Agosti, lakini dawa ilikwisha kutoka mikononi mwake na wajumbe wakaipeleka mbali. Mmoja wa wajumbe hao, Omari Kinjala, aliifikisha Ungoni. Aliyempokea ni Mkomanile, na kupitia kwake habari ikawafikia watawala wengine wa Wangoni.

Hapa ndipo ninapokuomba usome polepole. "Alimpokea" ni kitenzi ambacho kwa mwanafunzi wengi hunuka moshi wa jikoni: mwanamke kapokea mgeni, kampa kiti, kampikia. Lakini fikiria mgeni alikuwa nani. Alitoka upande wa watu ambao Wangoni walikuwa wakiwavamia kwa miaka na kuwachukua mateka. Sasa mtu wa upande huo anakuja kwa Wangoni, watu wenye majivuno ya vita, na kuwaambia kwamba yeye ndiye mwenye siri ya ushindi. Kumpokea mtu kama huyo si ukarimu. Ni uamuzi wa kisiasa: kukubali kwamba uadui wa jana ni mdogo kuliko kodi na kiboko cha leo. Anayeweza kuufanya uamuzi huo, na ukasikilizwa na wakubwa wenzake, ni mtawala.

Najua jibu linaloweza kutolewa. Msomaji mmoja atasema Mkomanile ni mfano wa mwanamke mwepesi wa kuamini ushirikina, aliyewaletea watu wake maangamizi. Maangamizi yalikuja kweli. Risasi hazikugeuka maji, mashamba yakachomwa, njaa ikafuata, na makadirio ya waliokufa katika vita vyote huanzia watu 75,000 kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe hadi kufikia 300,000 kwa baadhi ya wanahistoria. Lakini mbona hoja ya wepesi wa kuamini hatuitumii kwa Mputa Gama, nkosi wa Njelu, aliyeikubali dawa hiyo hiyo? Yeye tunamwita shujaa aliyepigania uhuru. Ikiwa tendo ni moja na hukumu ni mbili, basi tofauti imetoka kwa mhakiki. Haimo katika matini.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea, zaidi ya watu 60 kwa pamoja, Mputa akiwa miongoni mwao. Mkomanile alikuwa mwanamke pekee. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Kila mwaka tarehe hiyo huadhimishwa penye Makumbusho ya Maji Maji. Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 kuomba radhi, jina lililotajwa sana lilikuwa la Songea Mbano, ambaye ukoo wake bado unatafuta fuvu lake linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Haki yao wala siiondoi. Nasema tu kwamba mwalimu anapoitumia habari hiyo darasani, asiache orodha ikaishia kwa jina moja.

Kitanzi chenyewe ni ushahidi wa kihakiki. Kama Mkomanile angekuwa mke wa mtu tu, aliyekaa nyuma ya mumewe, ni vigumu kueleza mahakama ya kijeshi ilimtafutia nini. Adui alimsoma kwa usahihi kuliko wengi wetu tunavyomsoma. Alimhesabu pamoja na watawala.

Wanawake wasio na majina

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, ndiyo iliyowafundisha vijana wengi wa Afrika Mashariki habari za vita hivi. Ni kazi kubwa, na sina nia ya kuipunguzia. Lakini irudie ukiwa na Mkomanile akilini. Wanawake wawili wanaoufungua mchezo kwa mazungumzo yao ya dhiki ni Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda. Majina hayo si yao, ni ya waume zao. Wanaona njaa kabla wanaume hawajaanza kuijadili, wanabeba uzito wa mashamba ya mzungu, lakini uamuzi wa vita unapofika hawamo kikaoni.

Je, Hussein amekosea? Siamini. Mchezo wake uko Umatumbini na Rufiji, si Ungoni, na msanii ana uhuru wa kuchagua. Isitoshe, mwenyewe alionya kwamba Kinjeketile wa jukwaani si Kinjeketile wa historia. Kosa ni letu, tunapokiweka kipande kimoja cha vita kisimame badala ya vita vyote, kisha tukamwambia mtahiniwa kwamba mwanamke katika Maji Maji alikuwa mhusika mdogo wa kulalamika. Ningependa kumwona mwandishi kijana akiandika tamthilia inayoanzia Kitanda, mlangoni pa Mkomanile, usiku mjumbe anapobisha. Mgogoro upo tayari, na haumhitaji mzungu hata mmoja jukwaani katika onyesho la kwanza.

Ulinganisho wa karibu na nyumbani

Kutoka Thika ukishika barabara ya Murang'a unaelekea nchi ya Wangu wa Makeri, na kwa wanafunzi wetu wengi huyu ndiye "malkia" wa kwanza wanayemtaja. Mtaje, lakini mweke mahali pake. Wangu alipewa uongozi wa Weithaga karibu na mwaka 1902 chini ya Karuri wa Gakure, naye Karuri alikuwa chifu aliyetambuliwa na Waingereza. Akauacha mwaka 1909 baada ya kisa cha ngoma ya kibaata. Masimulizi yanayosema aliketi juu ya migongo ya wanaume yanamfanya kioja, na mtu aliyegeuzwa kioja hachambuliwi tena, huchekwa. Tofauti yake na Mkomanile ni ya msingi. Mamlaka ya Wangu yalishuka kutoka juu, kutoka ofisi ya mkoloni kupitia kwa chifu. Ya Mkomanile yalisimama juu ya watu wake mwenyewe, na aliyatumia kumkabili mkoloni. Mekatilili wa Menza naye, aliyewaongoza Wagiriama mwaka 1913, hakuwa na nyumba ya kifalme wala ofisi; nguvu yake ilikuwa kiapo na ngoma ya kifudu. Wanawake watatu, vyanzo vitatu vya mamlaka. Ukiwaandika kwa sentensi moja kwamba "wote walikuwa jasiri," umewafanya mtu mmoja.

Kipimo hiki cha kuuliza mamlaka yametoka wapi kinafaa hata katika tamthilia za kisasa. Chukua Kigogo ya Pauline Kea, iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022. Husda ni mke wa Majoka, mtawala wa Sagamoyo. Kwa matumizi yetu ya kawaida yeye ndiye malkia. Lakini ana watu gani? Hana. Ana wivu, ana nyumba isiyo na watu wa kumfuata, na anapokutana na Ashua ofisini mwa mumewe wanaishia kupigana. Tunu hana cheo wala mume mkubwa, lakini watu wa Sagamoyo wanamfuata. Ukiwapima kwa kipimo cha inkosikazi, Tunu ndiye mwenye nyumba na Husda ni mpangaji ndani ya ikulu. Hapo hutahitaji kuandika tena kwamba Husda ni "mwenye wivu" na Tunu ni "jasiri" kisha ukaenda aya nyingine. Utaweza kueleza kwa nini mwandishi amemnyima mmoja watu na kumpa mwingine.

Nikuonye juu ya jambo moja la mtihani. Swali la mighani kwa kawaida linataka sifa za mighani, si wasifu wa shujaa. Ukimtumia Mkomanile, usiijaze karatasi kwa tarehe. Onyesha jinsi masimulizi yake yanavyobadilisha cheo chake kulingana na msimulizi, na jinsi kifo chake kilivyofanyiwa ukumbusho. Aidha, usimpe miujiza asiyokuwa nayo. Mighani ya wanaume hujaa nguvu za ajabu: Liyongo alikuwa na siri ya sindano ya shaba kitovuni, Lwanda Magere alikuwa na mwili wa jiwe. Mkomanile hasimuliwi hivyo. Ubora wake wote uko katika uamuzi mmoja, na hili lenyewe ni hoja ya kujadili: je, mwanamke huingia katika mighani kwa tendo, ilhali mwanamume huingia kwa mwili? Sina jibu la kukupa moja kwa moja, maana Nyamazana anaweza kuivuruga hoja hiyo, na mwalimu mwenye darasa changamfu ataifurahia mivutano itakayotokea.

Kwa zoezi, mpe mwanafunzi swali hili na dakika arobaini: "Cheo si mamlaka." Ukirejelea masimulizi ya jamii mbili za Afrika Mashariki na tamthilia moja uliyoisoma, jadili usawiri wa mwanamke mtawala. (alama 20). Mwambie aanze kwa kueleza, kwa kila mhusika atakayemtaja, watu waliokuwa chini yake ni akina nani na walimfuata kwa nini. Asiyeweza kuwataja watu hao abadilishe mfano kabla ya kuandika aya ya pili.